Dhoruba ilichukua parabole yetu

Kwa kawaida ninawaletea habari za kartie: bomba lililokauka, ajali ya pikipiki, mkutano wa shefu wa avenyi. Leo ninaandika habari ya nyumbani kwangu. Tangu ule upepo wa mwezi wa pili wengi wananisimamisha njiani na kuniuliza: tununue parabole gani, televizio ya bure iko kweli, fundi anatudanganya ao anasema ukweli? Nitajibu, lakini kwanza niwaambie yaliyonipata, kwa sababu jibu langu lilitoka humo.

Ilikuwa siku ya posho, tarehe 3 mwezi wa pili 2024. Usiku wa kuamkia siku hiyo Léopards walikuwa wameipiga Guinée 3-1 kule Abidjan, na hapa kwetu Ndosho hakuna aliyelala. Siku chache nyuma walikuwa wamewatoa Misri kwa penalti 8-7, kipa Lionel Mpasi akipiga mwenyewe ile ya mwisho. Mechi hizo mbili zilitazamwa kwangu na watu zaidi ya thelathini, ndani ya chumba cha mbao ambacho siku za kawaida kinajaa tukiwa wanane. Watoto walikaa chini mbele, wamama kwenye mkeka, wanaume walisimama nje na kuingiza vichwa dirishani. Katikati ya wamama alikaa shangazi yangu. Alikimbia Karuba, kule Masisi, mwanzo wa 2023, na wajukuu watatu na sufuria moja. Mpira haujui. Lakini alikuwa amejifunza kusema "penalti", na alipenda kuona watu wakifurahi.

Saa tisa mchana wingu jeusi lilishuka kutoka upande wa Nyiragongo. Upepo ukaja kabla ya mvua. Ulichukua mabati mawili ya jiko, ukachukua nguo za jirani, kisha ukang'oa parabole yetu. Tuliiona ikiruka juu ya ukuta wa makoro kama kofia, ikaenda kuangukia kibanda cha kuku katika parseli ya pili. Kuku walipona. Parabole ilikunjika katikati kama chapati. Halafu radi ikapiga karibu sana, umeme ukakatika kartie nzima.

Mvua ilipokwisha nilitoka kuangalia mabati. Watu waliopita njiani hawakuuliza habari ya mabati. Waliuliza: "Sasa siku ya tatu tutaona wapi?" Siku ya tatu, tarehe 7, Léopards walikuwa wacheze nusu fainali na Côte d'Ivoire.

Siku ya kwanza nilienda Birere. Kila mtu anayejua Birere anajua kwamba pale utapata kitu chochote, ukiwa na subira na ukijua kukataa bei ya kwanza. Nilipata parabole iliyokwisha kutumiwa, ya sentimita 90, kwa dola 20, na kichwa chake kipya kwa dola 5. Kichwa ni kile kidude kidogo kinachokaa mbele ya sahani na kukamata mawimbi. Niliifunga kwenye pikipiki, motari akalalamika njia yote kwamba upepo utatuangusha sote. Kwa kweli kila lori lilipotupita nilisikia sahani ikitaka kuondoka na mimi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini ile ya kwanza iliruka.

Fundi hakupatikana mpaka siku ya tatu mchana. Dhoruba ile ilikuwa imempa kazi kartie tatu. Alipofika alitazama chuma cha zamani kilichobaki ukutani, akashika bulonji moja, ikavunjika mkononi mwake kama biskuti.

"Mukubwa, siyo upepo peke yake," alisema. "Hii ilikuwa imekufa zamani."

Alinieleza jambo ambalo sisi watu wa Goma tunalijua kwa mabati yetu, lakini hatulifikirii kwa parabole. Mvua inayopita katika moshi wa Nyiragongo inashuka na tindikali. Inakula bati, inakula misumari, inakula bulonji. Parabole inaweza kuonekana nzima kwa mbali, nyeupe na safi, na huku imeshikwa na kutu tu. Ungepanda mara moja kwa mwaka, ukapaka rangi ao mafuta, ukakaza bulonji, ungeokoa dola zako.

Tulipanda juu. Tulifunga sahani mpya, tukavuta waya, tukaiwasha dekodere ya zamani, ile ya abonema. Umeme ulikuwa umerudi jana yake jioni. Taa nyekundu ikawaka, nikafurahi. Televizio ilikuwa nzima, kwa sababu siku ya dhoruba mtoto alikuwa amechomoa waya wake ili achaji simu. Fundi aligeuza sahani kushoto, kulia, juu, chini. Mimi nilikaa mbele ya televizio nikipiga kelele: "Hakuna! Bado! Hakuna!" Hivyo kwa saa mbili. Mwishoni alishuka, akachukua dekodere, akainusa.

"Imeungua ndani. Radi iliingia kwa waya wa parabole. Taa inawaka, lakini pale pa kupokelea hapako tena."

Nilienda mbio kwenye duka la abonema. Waliniambia ninunue dekodere mpya, nilipe na mwezi wa kwanza, kisha nisubiri ifunguliwe. Walihesabu mbele yangu. Pesa ile sikuwa nayo. Nilirudi nyumbani saa moja ya usiku na mikono mitupu, na chumba kilikuwa kimekwisha kujaa watu.

Wanaume waliondoka kwenda kwenye chumba cha video, kule wanakolipa kuingia. Wamama na watoto hawakuwa na pesa ya kuingia, tena saa ine ya usiku siyo saa ya mwanamke kutembea na watoto Ndosho. Walibaki. Nilitoa redio yangu ya kazi, nikatia mawe mapya, nikaiweka juu ya televizio iliyokufa. Nilijisifu kidogo. Niliwaambia: redio haijawahi kutuacha, mtaona.

Ilifika saa ine. Wimbo wa taifa ukapigwa. Watoto wakasimama, wakaimba kwa nguvu mpaka mtangazaji hakusikika tena. Kisha mpira ukaanza. Dakika ya 65 Haller akafunga, mechi ikaisha 1-0, na watu wakaenda kulala kimya. Mimi niliona nimefanya kazi yangu: kila mtu alijua nani amefunga, dakika gani.

Baada ya saa sita kijana wa jirani alirudi kutoka kwenye video. Shangazi alikuwa bado macho, ameketi mlangoni. Alimwuliza vijana wamecheza namna gani. Kijana hakusema habari ya goli. Alisimama pale mlangoni, akafunika kinywa kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono wa pili akavielekeza kichwani, kama bunduki.

"Walisimama hivi," alisema. "Wote, mstari mzima, wakati wa wimbo. Ni kwa ajili ya Mashariki."

Shangazi alimtazama muda mrefu. Kisha alisema: "Kumbe walikuwa wanatusemea sisi. Na mimi nilikuwa hapa, nikasikia wimbo tu."

Ndugu wasikilizaji, mimi ni mtu wa redio. Nimepita miaka mingi nikiwaambia watu kwamba redio inatosha, haina abonema, inaingia kambini, inaingia porini, inafanya kazi na mawe mawili. Yote hayo ni kweli. Lakini usiku ule nilijifunza kwamba kuna neno linalosemwa kwa kufunga kinywa, na redio inalipita kama kimya. Wacheza mpira wale walisimama mbele ya dunia na kusema habari ya shangazi yangu, na shangazi yangu peke yake ndiye hakuwaona.

Siku hizo hizo watu wa Sake walikuwa wakiingia kwa barabara ya Mugunga, na magodoro kichwani, na chukudu zilizojaa mizigo. Sake iko kilomita zipatazo 25 tu kutoka hapa. Tulipokea jamaa mbili. Tulikuwa wanane, tukawa kumi na saba. Mtu angesema: sasa siyo wakati wa kufikiri televizio. Mama watoto ndiye aliyesema kinyume: "Watoto hawa wameona mambo. Wakae jioni nzima wakisikiliza mabomu kwa mbali, ao wakae wakitazama kitu?"

Basi tulifanya mkutano. Ninaueleza hapa kwa sababu naona jamaa nyingi zinanunua kwanza, halafu ndipo zinauliza. Sisi tuliuliza kwanza: nani anataka kuona nini?

Watoto walitaka katuni na mpira. Mama watoto alitaka ibada siku ya Mungu, na sinema moja ya jioni. Baba wa jamaa ya Sake alitaka habari kwa Kifaransa. Alikuwa mwalimu, na alitaka kujua dunia inasema nini juu yetu. Shangazi alikuwa wa mwisho. "Mimi nataka kuona Karuba," alisema. "Kama nyumba imesimama."

Hakuna aliyejibu. Tuliendelea na hesabu.

Tulikuwa na njia tatu.

Ya kwanza ni abonema, ile tuliyokuwa nayo. Nilikuwa nikilipa dola 15 kila mwezi, na mwezi nisipolipa picha zinafungwa, hata kama dekodere ni yangu. Ina mpira mwingi, huo ni ukweli. Lakini nyumba ya watu kumi na saba inakula dola 15 kwa siku chache.

Ya pili ni antene ya kawaida, ile ya fito za chuma inayofungwa kwenye mti mrefu. Haitazami mbinguni, inakamata mitambo iliyo hapa chini, karibu. Ni ya bei ndogo kuliko zote, na kwa antene hiyo unapata televizio za hapa mjini bila kulipa mtu. Mawimbi hayaombi pia ruhusa kwenye Grande Barrière: ukiwa na televizio ao dekodere inayosoma picha za dijitali, unaweza kupata na chaneli za jirani, maana Rwanda ilizima mitambo ya zamani tangu 2014. Ubaya wake ni kwamba chaneli ni chache, na nyumba iliyo nyuma ya kilima ao ya jengo refu haipati vizuri.

Ya tatu ni parabole ya bure. Hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, basi niseme polepole.

Setilaiti za televizio ziko mbali sana, karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Zinazunguka pamoja na dunia, ndiyo maana kwetu zinaonekana kama zimesimama. Kila moja ina nafasi yake, inayohesabiwa kwa digrii. Chaneli zinazotoka huko ni za namna mbili: zilizofungwa, ambazo zinahitaji kadi na abonema, na zilizo wazi, ambazo mwenye nazo analipa mwenyewe ili zionwe na kila mtu. Chaneli za dini, za habari, za serikali za nchi nyingi ziko wazi. Siyo wizi kuzitazama, na fundi akikuambia kwamba anakuuzia "kode" ya kuzifungua, anakula pesa yako. Kilicho wazi hakina ufunguo.

Sisi tuna bahati moja. Goma iko karibu na ikweta, chini ya digrii 2 kusini, na iko kwenye digrii 29 mashariki. Kwa hiyo setilaiti zimepangwa kama mstari unaopita juu ya vichwa vyetu, kutoka upande wa Gisenyi kwenda upande wa Sake. Ile ya Eutelsat iliyo digrii 16 mashariki inabeba chaneli nyingi za nchi za Afrika zinazosema Kifaransa, na kwetu iko juu sana, upande wa magharibi. Fundi alinionyesha tofauti. Parabole yangu ya zamani ilikuwa ikitafuta setilaiti iliyo mbali, chini kwa magharibi, kwa hiyo sahani ilisimama wima kama ukuta, na upepo uliipiga kifuani. Hii mpya imelala nyuma, inatazama juu. Upepo unateleza.

Tulichagua njia ya tatu, pamoja na redio. Hesabu yetu ilikuwa hii: parabole dola 20, kichwa 5, dekodere ya chaneli zilizo wazi 22, waya na ncha zake 8, fundi 10. Jumla dola 65. Ni zaidi kidogo ya miezi mine ya abonema, kisha hulipi tena. Neno bure lisikudanganye: unalipa mara moja, unalipa umeme, na unalipa kwa kukosa mpira fulani. Lakini mwezi ukifika hakuna anayekufungia.

Siku ya kufunga, fundi hakukubali kupanda mpaka makoro yakauke. Alichimba shimo pembeni ya nyumba, akasimamisha bomba la chuma, akalijaza sementi na makoro madogo. "Nyumba ya mbao inacheza," alisema. "Ukifunga parabole kwenye mbao, kila upepo setilaiti inapotea." Tuliliacha bomba siku mbili likauke. Siku ya tatu alifunga sahani na kuitafuta picha. Safari hii nilipiga kelele mara ine tu: hakuna, hakuna, iko, iko!

Mambo niliyojifunza kwake ni haya, na ninawaomba myachukue.

Radi kwanza. Huku kwetu siyo mchezo. Watafiti waliohesabu radi kwa setilaiti ya NASA tangu 1998 mpaka 2013 waliiandika Kabare, kule Kivu ya Kusini, kuwa mahali pa pili duniani kwa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya radi 200 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Sake yetu pia imo katika orodha hiyo ya juu. Kwa hiyo ukiona wingu linashuka, chomoa waya wa umeme, na uchomoe pia ule waya wa parabole nyuma ya dekodere. Wengi wanachomoa wa kwanza na kusahau wa pili. Mimi sikuchomoa hata mmoja. Na usiguse waya wala bomba mvua inaponyesha.

Pili, mvua kali inakata picha, hata kama kazi ya fundi ni nzuri. Matone yanakula mawimbi njiani. Usipande juu kugeuza sahani. Subiri dakika ishirini, picha itarudi yenyewe. Sahani kubwa inasaidia: ile ya sentimita 90 inakusanya mawimbi mara mbili na zaidi kuliko ya 60. Usinunue ndogo kwa kuokoa dola tano.

Tatu, waya usiingie nyumbani ukiwa umenyooka. Uache ushuke chini kidogo ya tundu, kisha upande kuingia, ili maji yadondoke nje. Ile ncha ya juu ifunike kwa plastiki na mpira wa pikipiki. Maji yakiingia kwenye waya, utanunua kichwa kipya bila sababu.

Nne, kabla ya kumlipa fundi, kaa naye mbele ya televizio, tafuta chaneli zote, uone zipi zina picha na zipi zinaandika kwamba zimefungwa. Dekodere itakuhesabia chaneli mia moja na kitu, ukafurahi. Kwetu zilizofunguka hazikufika nusu, na katika hizo, za mahubiri zilikuwa nyingi kuliko zote. Mama watoto alishukuru Mungu. Watoto walinuna mpaka tulipopata moja ya katuni, kwa lugha ambayo hakuna anayeisikia nyumbani. Wanacheka tu.

Ninyi mlio kambini, najua mtasema: tuna hema, hatuna ukuta, sementi ya nini. Ni kweli, na sitawaambia mnunue parabole. Lakini nimeona mahali ambapo jamaa kumi zilichanga kwa televizio moja, paneli moja ya jua na antene moja ya kawaida, wakaiweka mahali pa wote, na wakapanga saa ya watoto na saa ya habari. Mkifanya hivyo, chagueni mtu mmoja wa kushika telekomande, na awe mama. Kwetu vita ya telekomande ilikwisha siku alipopewa shangazi.

Sasa nirudi kwake.

Jioni moja, mwalimu wa Sake akitazama habari, walionyesha Goma. Watoto wakapiga kelele, wakatambua Bulengo, ziwa nyuma, hema nyeupe. Shangazi aliitwa kutoka jikoni. Alifika na mwiko mkononi, akaona sekunde chache za mwisho. Mwalimu alimtafsiria: wamesema kuna wakimbizi wengi Goma.

"Wamesema wametoka wapi?" aliuliza.

"Wamesema Mashariki ya Kongo."

"Mashariki," alirudia. "Karuba hawakutaja?"

Hawakutaja. Wala Mushaki, wala Kitshanga, wala Shasha. Nilikuwa nimeketi pale, na nilitaka kusema kwamba televizio za mbali ziko hivyo, zinaona hema na haziulizi jina. Lakini nilikumbuka ripoti zangu mwenyewe za wiki ile. Nilikuwa nimesoma redioni, kwa sauti nzuri: "wakimbizi kutoka vijiji mbalimbali vya Masisi." Vijiji mbalimbali! Mimi niliyezaliwa hapa, mwenye shangazi wa Karuba jikoni kwangu.

Tangu siku ile nimebadilisha kitu kimoja katika kazi yangu. Nikimuuliza mtu aliyekimbia habari, ninaandika jina la kijiji chake, na nikiwa na nafasi ninauliza na jina la kilima. Kisha ninayasoma yote hewani, hata kama mhariri anasema yanachukua sekunde nyingi. Wengine mmenipigia kuniambia mlisikia jina la kwenu na mkajua kuna jirani yenu aliyefika salama. Kwa hilo hakuna setilaiti ya kutusaidia.

Sasa mvua zimerudi. Bomba limesimama, bulonji nimezipaka mafuta, na karibu kila siku mchana picha inakatika kwa dakika kumi ao ishirini. Zamani watoto wangelia. Sasa mmoja anachomoa waya mbili, mwingine analeta redio, na shangazi anasema kila mtu anyamaze, pengine watasoma majina.

Mwenye nyumba iliyo na picha, afungue mlango jioni. Mwenye redio, aongeze sauti kidogo. Ni mimi, mwandishi wenu wa Ndosho, Goma.